Moto, motó, mɔ́tɔ: zana zangu za grafiki na neno lililozishinda



Leo niko na kazi ya kukosoa, na wa kwanza kukosolewa ni mimi mwenyewe. Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo niliandika zana ndogo za grafiki, yaani maktaba ya programu inayochora dirisha, vitufe, menyu na maandishi. Jury ilinipa pointi nzuri. Waliniuliza juu ya rangi, juu ya kasi, juu ya kumbukumbu ya mashini. Juu ya maandishi, hakuna aliyeuliza kitu. Kila neno kwenye skrini lilikuwa la Kifaransa au la Kiswahili, na yote yalionekana safi. Njo maana nilifikiri nimeisha maliza.

Aliyenionyesha kwamba sijamaliza hakuwa profesa. Alikuwa mama yangu mdogo. Yeye anafundisha wamama kusoma Lingala, wamama watu wazima ambao hawakupata bahati ya kukaa darasani walipokuwa watoto. Nilimtengenezea programu kidogo juu ya zana zangu: neno kubwa katikati ya skrini, kitufe cha kwenda mbele, kitufe cha kurudi nyuma, basi. Somo lake la kwanza ni maneno matatu, kwa sababu katika hayo mtu anaelewa mara moja kwa nini alama zipo. Moto ni mtu. Motó ni kichwa. Mɔ́tɔ ni ule moto unaounguza.

Neno la kwanza likatoka vizuri. La pili likatoka vizuri. La tatu likatoka hivi: m, mraba, mraba, t, mraba.

Mama mdogo akaangalia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hii mashini yako, moto yenye kuunguza haiijue?"

Nikamwambia: "Mama mdogo, andika tu bila alama. Watasoma."

Akasema: "Nikiondoa alama, inabakia moto. Na moto ni mtu. Wewe Mswahili utaona moto ya jikoni, mwanafunzi wangu ataona mtu. Nani kati yenu iko na haki?"

Sikuwa na jibu. Na mpaka leo naona lile swali ni zito kuliko yote niliyoulizwa mbele ya jury.

Kosa la kwanza: jedwali la 256

Nirudi kwenye msimbo wangu. Nilikuwa nimejenga tabaka la fonti kwa njia ambayo vitabu mingi vya kuanza vinaonyesha. Unachukua fonti, unachora herufi zote kutoka namba 0 mpaka 255, unaziweka katika jedwali. Ukitaka kuandika neno, unachukua namba ya herufi, unatafuta picha yake katika jedwali, unaibandika kwenye skrini, unasogea kulia kwa upana wake, unaendelea. Mistari 30 ya msimbo, kazi imekwisha.

Lakini ile 255 imetoka wapi? Imetoka katika mpangilio wa zamani wa herufi za Ulaya ya Magharibi, ule uliopewa jina Latin-1, na Unicode iliupokea kama ulivyo kwa namba zake za kwanza. Ndani yake é ipo, namba 233. Ó ndogo ipo, namba 243. Njo maana motó ilipita: alama yake ni ileile Wahispania na Wareno wanaitumia. Lakini ɔ ni namba 596, na ɛ ni namba 603. Ziko nje ya jedwali. Kwa hiyo zana zangu zilikuwa zinajua Kifaransa cha profesa, na zilikuwa hazijui Lingala ya mama mdogo. Sikuamua hivyo kwa roho mbaya. Sikuamua hata kidogo, na huo ndio ubaya wenyewe: jedwali liliamua kwa ajili yangu.

Mtu asiseme kwamba hizi herufi ni mambo mapya ya watu wa intaneti. Mwaka 1976 chama cha wanaisimu wa Zaïre kilipokea mwandiko wa Lingala wenye ɛ na ɔ na alama za toni. Mwaka 1978 kule Niamey, katika mkutano wa UNESCO, wataalamu wakatoa alfabeti ya pamoja kwa lugha za Afrika, na herufi hizo ziko ndani. Hizi herufi ni kubwa kuliko karibu sisi wote tunaosoma ukurasa huu. Aliyechelewa ni mashini.

Na siko peke yangu katika kosa. Tuchukue Dear ImGui, maktaba ya Omar Cornut ambayo watu wa michezo ya kompyuta wanaipenda sana. Ni kazi nzuri, nyepesi, inaeleweka. Lakini kwa miaka mingi, usipoomba kitu kingine, ilikuwa inapakia herufi kutoka 32 mpaka 255 tu. Mpaka ni uleule! Mwenye kuijenga anaweza kujitetea, na utetezi wake una maana: aliijenga kwa ajili ya wahandisi wanaotaka kuona namba na majina ya vigezo wakati wa kazi, siyo kwa kuandika vitabu vya kusoma. Nakubali. Shida ni sisi tunaoichukua na kuipeleka mahali ambapo haikukusudiwa, kisha tunashangaa.

Kosa la pili: kufikiri kwamba alama ni herufi

Baada ya aibu ile nikarudi nyumbani, nikapanua jedwali. Badala ya 256, nikaacha FreeType itafute umbo la namba yoyote inayokuja. Kwa wasioijua: FreeType ni maktaba huru iliyoanza mwaka 1996. Inafungua faili ya fonti, inachukua mchoro wa umbo, inaukuza mpaka ukubwa unaotaka, inautoa kama nukta za skrini. Iko ndani ya simu za Android, iko ndani ya Linux, iko karibu kila mahali.

Nikarudi kwa mama mdogo na kifua mbele. Neno likatoka: m ipo, ɔ ipo, t ipo, ɔ ipo. Lakini ile alama ya toni ilikuwa imekwenda kukaa pembeni, kati ya ɔ na t, kama kofia iliyopeperushwa na upepo. Tukajaribu kuandika kwa herufi kubwa: alama ikakata herufi katikati.

"Sasa hii," akasema mama mdogo, "ni ya nani, ya ɔ ao ya t?"

Hapa nilipaswa kuelewa kitu ambacho sikuwa nimefundishwa. Jicho linaona herufi 4 katika mɔ́tɔ. Mashini inaona namba 5: m, ɔ, alama, t, ɔ. Ile alama ina namba yake, 769, na kazi yake ni kupanda juu ya herufi iliyotangulia. Kwa é ya Kifaransa hakuna shida hiyo, sababu é ilipewa namba yake moja tangu zamani. Hata Kivietinamu, chenye alama mbili juu ya herufi moja, kilipata namba zake. Lakini ɔ yenye alama ya juu haina namba moja. Na haitapata: kanuni za Unicode za kulinganisha maandishi zilifungwa zisibadilike, na mchanganyiko unaoweza kuandikwa kwa vipande viwili haupewi tena namba mpya. Kwa hiyo kungoja hakusaidii. Dawa haiko katika orodha ya herufi. Dawa iko katika tabaka la kuchora.

Ndani ya fonti nzuri ya OpenType, ule mfumo Microsoft na Adobe walioutoa mwaka 1996, kila umbo la herufi linaweza kuwa na sehemu iliyowekewa ndoano: hapa njo alama ya juu inafungwa. Na alama yenyewe ina ndoano yake. Kazi ya tabaka ni kukutanisha ndoano mbili. Ɔ kubwa ina ndoano juu zaidi, ɔ ndogo ina ndoano chini. Kwa hiyo mahali pa alama hapajulikani mpaka umejua herufi iliyo mbele yake. Ukichora namba moja moja bila kuangalia jirani, umeshindwa kabla ya kuanza.

Kazi ya kukutanisha hizo ndoano inafanywa na HarfBuzz, maktaba iliyojengwa chini ya Behdad Esfahbod, Mwirani, na jina lake linatoka katika maneno ya Kiajemi ya OpenType. Unaipa mfuatano wa namba na fonti moja. Inakurudishia mfuatano wa maumbo, na kwa kila umbo inakuambia mambo matatu: usogee kiasi gani baada yake, ulisukume wapi kutoka kwenye mstari, na umbo hili limetoka katika sehemu gani ya neno. Hilo la tatu wengi wanalipuuza, lakini bila hilo huwezi kujua kishale cha kuandikia kisimame wapi mtu akibonyeza katikati ya neno. Firefox, Chrome, Android na LibreOffice zote zinaitumia.

Kosa la tatu, na kubwa kuliko yote: mlango

Sasa mtu atasema: basi, ingiza HarfBuzz, jambo limekwisha. Mimi pia nilisema hivyo. Nikakaa nayo usiku tatu.

Shida ilikuwa hii. Katika zana zangu kulikuwa na kazi moja ndogo, nilikuwa nimeiita upana_wa_herufi. Unaipa herufi, inakupa upana wake. Kitufe kilikuwa kinaiita ili kijue ukubwa wake. Menyu ilikuwa inaiita. Sanduku la kuandikia lilikuwa linaiita kila mtu akibonyeza. Nikahesabu: mahali 43. Na katika mahali zote 43, swali lenyewe lilikuwa kosa. Upana wa ile alama ni ngapi? Peke yake hauna maana. Ni sawa vile kuuliza kofia ina miguu mingapi.

Hapa njo nilielewa neno "kunyumbulika" katika kazi yetu. Mimi nilikuwa najivunia kwamba tabaka langu linanyumbulika, kwa sababu lilikuwa na chaguo 11: kivuli, mstari wa pembeni, kuzungusha, rangi mbili, na kadhalika. Hata moja katika hizo 11 haikunisaidia. Kunyumbulika si wingi wa vitufe vya kugeuza. Tabaka linanyumbulika pale ambapo halijaahidi kitu ambacho halina haki ya kuahidi. Mimi nilikuwa nimeahidi kwamba kila herufi ina upana wake. Ahadi hiyo ilikuwa ya uongo tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nimeisambaza katika mahali 43.

Sasa nawaeleza mlango ninaoona ni mzuri. Anayeita analeta vitu vitatu: maandishi mazima, mtindo anaotaka, na nafasi aliyonayo. Anarudishiwa kitu kimoja, tukiite mpangilio. Mpangilio huo anaweza kuuuliza maswali manne tu. Una upana na urefu gani? Kishale cha mahali hapa pa maandishi kisimame wapi? Mtu amebonyeza nukta hii, ni sehemu gani ya maandishi? Na la nne: jichore. Basi. Hakuna swali la herufi moja. Nyuma ya mlango huo kuna vyumba vinne: cha kukata maandishi kufuatana na mwandiko na upande wa kusoma, cha kuchagua fonti, cha kupanga maumbo, na cha kuchora nukta. Kila chumba unaweza kubomoa na kujenga upya, na kitufe hakitajua.

Hata akiba ya picha inabadilika. Zamani nilikuwa nahifadhi picha kwa namba ya herufi. Sasa nahifadhi kwa fonti, ukubwa, na namba ya umbo ndani ya fonti hiyo. Vinaonekana kama kitu kimoja, lakini hapana. Herufi ni ya lugha, umbo ni la fonti. Anayechanganya hivyo viwili atalipa siku moja.

Na kuna uongo mwingine mdogo uliokuwa ndani ya upana_wa_herufi: nilikuwa nakata upana uwe nukta kamili. Tufanye hesabu. Fonti imechorwa kwa vipimo 2048, umbo lina upana wa 1139, unaandika kwa ukubwa wa nukta 16. Upana wa kweli ni 8.9 hivi. Ukiweka 9, kosa ni sehemu ya kumi ya nukta, nani atajali? Lakini katika mstari wa herufi 60, kosa limekuwa nukta 6. Kitufe kimepimwa kwa njia moja, maandishi yamechorwa kwa nyingine, neno la mwisho limekatwa mkia. FreeType yenyewe inahesabu kwa sehemu ya 64 ya nukta. Mimi nilikuwa naitupa ile sehemu mlangoni.

Wakubwa nao walipita hapa

Nilipoanza kusoma historia, nikafarijika kidogo. Mfumo wa madirisha wa X, toleo la 11, la mwaka 1987, ulikuwa umeweka fonti upande wa seva. Programu inataja jina refu la fonti, jina lenye vistari 14, kisha inaiambia seva: chora maneno haya. Kwa wakati ule ilikuwa na akili: seva inafanya kazi mara moja kwa programu zote. Lakini maana yake, siku watu walipotaka herufi laini, au alama za kupanda juu ya herufi, programu haikuweza kufanya lolote. Haikuwa inaona fonti. Ilikuwa inaona jina tu. Ndipo Keith Packard na wenzake wakahamisha kazi hiyo upande wa programu, kwa Xft na baadaye fontconfig. Mlango ulikuwa umejengwa kwenye ukuta usiofaa, na kuuhamisha kulichukua miaka.

Kisha Pango. Jina limeunganishwa na "pan" ya Kigiriki, yaani yote, na "go" ya Kijapani, yaani lugha. Owen Taylor na wenzake waliiingiza katika GTK 2.0 ya mwaka 2002. Mimi naona hapa njo kazi nzuri kuliko zote nilizosoma katika jambo hili, na sababu ni ule mlango. Mwenye kutumia Pango analeta maandishi na upana, anapata mpangilio. Nyuma yake vyumba vimebadilishwa mara nyingi: kuchora kwa Xft, kwa FreeType peke yake, kwa Windows, kisha kwa Cairo tangu 2005. Upangaji wa maumbo ulihamia HarfBuzz. Na programu zilizoandikwa kwa mlango ule ziliendelea kufanya kazi.

Lakini sitaisifu bila kuikosoa. Mwaka 2019, toleo la 1.44, Pango iliacha kusoma fonti za zamani zilizochorwa nukta kwa nukta. Watu waliokuwa wanazipenda kwa ajili ya skrini ndogo na macho yao wakaamka asubuhi, fonti haipo. Wengine wakaona maandishi yamekuwa kama yenye ukungu. Sababu za kiufundi zilikuwepo, na mimi ningefanya vilevile pengine. Funzo ni kwamba mlango mzuri unalinda programu, haulindi jicho la mtu. Ukibadilisha chumba cha nyuma, msimbo hautalia, lakini bibi mwenye skrini ya zamani atalia. Mwenye kujenga lazima awahesabu wote wawili.

"Lakini programu yangu ni ndogo"

Najua jibu la wengi wenu, kwa sababu lilikuwa jibu langu. Mashini yangu ni dhaifu. Programu yangu ni ndogo. HarfBuzz ni mzigo. Watumiaji wangu wanasoma Kifaransa.

Nijibu kwa haki. Kama unajenga saa, au kipimo cha maji kinachoonyesha tarakimu 0 mpaka 9, weka picha 10 katika jedwali na ulale salama. Kuna maktaba kama stb_truetype ya Sean Barrett, faili moja tu, inayotosha kwa kazi hizo. Sitamwambia mtu abebe gunia la kilo 50 kwenda kununua chumvi.

Lakini ona tofauti kati ya injini na mlango. Injini nzito ina bei: kumbukumbu, muda, ukubwa wa faili. Mlango sahihi hauna bei. Kuuliza "mpangilio huu una upana gani" badala ya "herufi hii ina upana gani" hakuongezi hata baiti moja ya maana. Nyuma ya mlango sahihi unaweza kuweka jedwali la kijinga la 256 leo, na kesho, mama mdogo akifika na somo lake, unabadilisha chumba kimoja. Mimi nilikuwa na mlango mbaya, kwa hiyo nilibadilisha mahali 43. Anayesema "tutaongeza lugha nyingine baadaye" na mlango wake ni wa herufi moja moja, anasema tu hataongeza kamwe.

Tena, ndugu zangu wa Kiswahili, tujihadhari. Kiswahili chetu kinaandikwa kwa herufi za kawaida, bila alama. Ni bahati. Bahati hiyo inatufanya tusione. Sisi tunafungua kila programu ya Marekani na inatuandika vizuri, kisha tunadhani shida haipo. Jirani yetu wa Lingala, na wa lugha nyingine mingi za nchi hii, anaandika lugha yake akiwa amevua nusu ya nguo, kisha tunasema: "Wao wenyewe hawapendi alama." Nani amesema hawapendi? Wamezoea mraba.

Kuchagua fonti

Kuna chumba kimoja ambacho bado sijaridhika nacho, hata katika zana za wakubwa. Fonti uliyochagua ikikosa ɔ, tabaka linatafuta fonti nyingine yenye ɔ. Vizuri, mraba umekwenda. Lakini sasa m na t zimeandikwa kwa mkono mmoja, na ɔ mbili kwa mkono mwingine, nene zaidi. Na ikiwa tabaka limechagua fonti kwa kila namba peke yake, alama inaweza kutoka fonti ya kwanza na herufi yake kutoka ya pili. Ndoano hazikutani. Kofia inapeperuka tena.

Maoni yangu: fonti isichaguliwe kwa namba, ichaguliwe angalau kwa herufi pamoja na alama zake, na mimi ningekwenda mbali zaidi, ichaguliwe kwa neno zima. Neno lenye mikono miwili linamchosha hata anayejua kusoma. Sasa fikiria mama wa miaka 50 anayejifunza kwamba ɔ na o ni tofauti. Ɔ ikiwa nene kuliko wenzake, atafikiri unene njo tofauti yenyewe.

Kwa bahati fonti zipo. DejaVu, iliyotoka katika Bitstream Vera, ilipanuliwa na watu wa kujitolea, mmoja wao Denis Moyogo Jacquerye, aliyefanya kazi mingi juu ya herufi za lugha za Afrika. Noto ya Google ina jina linalotokana na nia ya kumaliza ile miraba. Na SIL ina fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, herufi zake haziwezi kuchanganywa kirahisi. Jina lake ni Andika. Ndiyo, ni Kiswahili chetu hicho. Fonti yenye jina la Kiswahili iliandika Lingala ya mama mdogo, na zana za mimi Mswahili zilikuwa zimeshindwa. Nililikubali pigo.

Nilipofika

Toleo la tatu nilimpelekea mama mdogo nikiwa mnyenyekevu. Andika, HarfBuzz, FreeType, mlango mpya. Moto. Motó. Mɔ́tɔ. Kila kofia kwenye kichwa chake. Akaandika kwa herufi kubwa, ikakaa. Akapeleka kishale katikati ya neno, kikasimama baada ya ɔ na alama yake, siyo kati yao. Akabonyeza kufuta, ɔ na alama vikaenda pamoja. Hapo akasema kwamba yeye angependa alama itoke kwanza, herufi ibaki, sababu mwanafunzi akikosea anakosea toni mara mingi kuliko herufi. Sikuwa nimelifikiria. Yuko na haki, na nimeshabadilisha.

Kwa mwenye kuandaa kazi ya mwisho sasa hivi, nakuachia jaribio la dakika mbili. Andika mɔ́tɔ katika zana zako, kwa herufi ndogo na kubwa. Angalia mraba. Angalia kofia. Tembeza kishale kutoka kushoto mpaka kulia na uhesabu kinasimama mara ngapi: inatakiwa mara 5, mbele ya neno na baada ya kila herufi. Ukipata 6, mashini yako inahesabu alama kama herufi. Kisha tafuta katika msimbo wako kazi yoyote inayopokea herufi moja na kurudisha upana. Ikiwa ipo, ifute leo, wakati bado iko mahali 3 na si 43.

Wiki iliyopita nilipita darasani kwa mama mdogo. Skrini ilikuwa inafanya kazi. Lakini alikuwa pia na karatasi za kugawa, alizochapisha mahali fulani mjini, kwenye mashini nyingine, na katika kila karatasi palikuwa na miraba ileile. Alikuwa amekaa na bic ya bluu, anazijaza moja moja kwa mkono: ɔ, alama, ɔ. Karatasi 22.

Nikachukua bic ya pili, nikakaa kando yake.